Shika, Wifi

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikifundisha wasichana mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha mtaa wa Al Khuwair, na wallahi sijapata kukasirika vile. Ilikuwa timu yetu ya kwanza, na mechi yetu ya kwanza na chuo chengine ilikuwa imekaribia. Kikosini imebaki nafasi moja tu, wasichana wawili wanaigombania.

"Mpira ukishaupata ni wako," nikiwaambia kila jioni. "Ulete kifuani, viwiko nje, vidole vikamate. Na mwenzio akiushika ovyo, usimwonee haya. Pokonya!"

Mmoja katika wale wawili alikuwa na mikono, mashaallah. Ukijisahau kidogo tu, mpira huna. Huyo ndiye nilomtaka. Balaa ni kuwa alikuwa kachumbiwa na kaka wa yule mwenzake. Kwa hiyo nikawa nashindanisha mtu na wifi yake.

Nikachora duara kwa chaki, nikasema atakayempokonya mwenzake mara tatu, nafasi yake. Wifi mtu, yaani yule dada wa bwana harusi, akaingia na mpira, kaubeba kama sinia ya halwa. Mchumba akamzunguka weee, mikono kaificha nyuma. Mara mpira ukamponyoka wifi mtu wenyewe, ukadunda mpaka miguuni pa mchumba. Akainama, akauokota, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Shika, wifi."

Ebo! Filimbi ilinitoka mdomoni. "Unamrudishia? Humu ndani hamna wifi! Toka! Kama huna roho ya kuchukua kilicho miguuni pako, kabebe chupa za maji."

Akatoka, macho chini. Nafasi nikampa mwenzake, kwa hasira tu.

Mechi tulifungwa vibaya. Wifi mtu alipokonywa mpaka watazamaji wakawa wanacheka, na mchumba yuko kwenye benchi na chupa zake, vidole vinamcheza. Damu ilinichemka.

Kwenye basi la kurudi ndipo niliposikia. Wifi mtu anawahadithia wenziwe: "Mimi nilishamwambia kabla. Ukinipokonya mbele za watu, leo hii hii mama atajua mwanawe anamuoa mtu gani." Wakacheka. Mchumba naye akacheka kidogo, kwa adabu.

Niligeuka nimtolee uvivu yule mtoto asokuwa na haya. Nikamwona mchumba ananitazama, ananiomba kwa macho ninyamaze. Nikanyamaza. Hasira zikanirudia mwenyewe. Mie, mwanamke mwenye mawifi watatu, nisijue kwa nini mtoto yule kaificha mikono? Nilijua. Nilijua palepale kwenye duara, na bado nikamtoa.

Chuoni nikachukua gari yangu, nikaendesha mpaka nyumbani Madinat Sultan Qaboos, njia nzima naapa kuwa kesho namrudisha kikosini, liwalo na liwe. Dada wa mume wangu alikuwa kashasimama mlangoni na buibui lake, ana safari zake za sokoni Matrah. Gari nimenunua mimi, kwa jasho langu. Hata salamu hakunipa. Akanyosha mkono tu.

Nikampa funguo. Nikamwambia mafuta nshatia.