Uso wa Mama Mkwe Juu ya Mlango

Jumba la zamani la makumbusho mjini Kisii lilikuwa na nyuso saba za wanawake, za mawe, juu ya mlango. Mvua za masika zikaangusha uso mmoja, ukapasuka vipande visivyounganika. Picha yake haikupatikana. Nikaitwa mimi, mchongaji wa mawe ya sabuni. Msimamizi akaniambia, "Fundi, chonga mama yeyote. Bora akae kama wa zamani."

Nilichonga siku nne, mkono ukienda wenyewe, nikijisifu kimoyomoyo. Siku ya tano nikampa mke wangu asugue kwa maji na msasa, maana kwetu kusugua ni kazi ya wanawake. Akasugua paji, akasugua pua, akaacha.

"Huyu ni mamangu."

Ningekana vipi? Kwetu Wagusii mwanamume hamkazii macho mama mkwe wake. Ndiyo chinsoni, sheria zetu za kuoneana haya. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimsalimu yule mama nikitazama kuku wake. Kumbe macho yalikuwa yakiiba, na sasa hata mikunjo ya shingo nilikuwa nimeiweka! Niliogopa kweli. Akijua nilikuwa namchungulia, nitakanyaga wapi tena kwao?

Nikajaribu kupunguza pua. Jiwe halina msamaha.

"Acha!" mke wangu akapiga kelele. "Sasa unaelekea kwa nyanya yangu."

Siku zikaisha, uso ukapandishwa hivyo hivyo. Siku ya kufungua tena jumba, mama mkwe akaja kutoka Ekerenyo na akina mama wenzake wa kanisa. Wakainua vichwa. Mmoja akakohoa. Wote wakamgeukia mwenye uso. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Mama mkwe akamwambia binti yake, "Ambia bwana yako, mimi niko na kovu hapa kwa kidevu. Kama alikuwa anaangalia, si angeangalia vizuri?"

Wenzake walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Mke wangu akanirudia ujumbe wote, neno kwa neno, ingawa nilisimama hatua mbili tu kutoka hapo.

"Mwambie sikuliona," nikajibu.

Ujumbe ukafika. Mama mkwe akafungua kitambaa chake cha kichwa, akanigeukia, akainua kidevu kwenye jua, akangoja.

Nikainua macho. Kovu lilikuwa dogo, limepinda, chini ya mdomo upande wa kushoto.