Ganda ni la Aliyelifyatua

Mzee niliyekuwa namtunza kule Highview, mtaa mmoja wa Louisville, alikuwa hawezi tena kuinama. Soksi nilimvisha mimi, na kijiko kikimdondoka alikitazama tu pale chini, akasubiri nije. Tangu mkewe afariki, kila Jumamosi asubuhi alikuwa anakwenda kwenye uwanja wa shabaha nje kidogo ya mji, analenga karatasi, kisha anaokota maganda ya risasi zake. Aliyaleta nyumbani kwenye ndoo, akayaosha, akakaa gereji akiyajaza baruti upya. Halafu nyonga ikaharibika. Miezi minane hakukanyaga huko.

Asubuhi moja, namtengenezea uji wa shayiri, akaniambia, "Twende uwanjani. Mimi nitapiga, wewe utaokota."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Yeye hakucheka.

"Na usimwambie binti yangu," akaongeza.

Binti yake anaishi mbali, mji wa Buffalo, na ndiye aliyeniajiri. Kila jioni nilikuwa namtumia ujumbe: amekula nini, amelala saa ngapi, ametembea kiasi gani. Sikuwahi kumficha kitu.

Na mimi mwenyewe bunduki siziwezi. Nilizaliwa Burundi, nikakulia kambini Kigoma. Kabla hatujavuka mpaka, nikiwa na miaka mitano au sita, niliokota ganda la risasi njiani nyuma ya shule. Lilikuwa linang'aa, nikadhani ni kifuniko cha kalamu. Mama alinipiga mkono likaruka, kisha akaninawisha kwa majivu, akarudia na kurudia. Mama hakuwa mtu wa kupiga watoto.

Nilimpigia simu dada yangu aliyeko Columbus.

"Una wazimu?" akasema. "Kazi nzuri kama hiyo, uende ukaipoteze kwa ajili ya vyuma vya kuokota?"

Lakini nilikuwa nimeona jinsi mzee alivyokaa miezi ile, uso dirishani, televisheni ikiongea peke yake. Jumamosi nikampakia garini.

Njiani alinifundisha. Usivuke mstari mwekundu, hata ganda likiwa hatua moja tu mbele yako. Usiiname mtu akiwa bado anafyatua. Ngoja msimamizi atangaze kwamba wote wameweka silaha mezani. Ukikuta risasi nzima ambayo haijalipuka, usiitie kwenye ndoo, mwite msimamizi. Na la mwisho alilisema mara mbili: "Ganda ni la aliyelifyatua, mpaka aseme halitaki. La jirani, unaomba kwanza."

"Nimeelewa, mzee," nikamwambia.

Nilielewa kwa maneno. Ila mlio wa kwanza ulipolia, hata nikiwa na vizibo masikioni, nilishika ukingo wa benchi. Nikaanza kuhesabu pumzi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kiti, ameegemeza viwiko mezani, analenga kwa subira, anakosa, analenga tena. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Sikuwahi kuuona hivyo.

Msimamizi akatangaza kwamba silaha zote ziko mezani. Nikainama nikaanza kuokota haraka haraka, nataka tu kumaliza tuondoke. Kila kilichong'aa nilikitia kwenye ndoo.

"Ee, mama! Hayo ni yangu!"

Alikuwa jirani yetu wa kushoto, mwanamume mkubwa mwenye ndevu na fulana ya kiwandani. Bastola yake ilitupa maganda upande wetu, na mimi nilikuwa nimezoa ya kwake na ya mzee pamoja. Nilisimama. Sikujua kwamba nimenyoosha mikono juu mpaka nilipoona wengine wananitazama. Ndoo ilikuwa imepinduka miguuni pangu. Nikawaza, basi, kazi imekwisha, na polisi watakuja, na Kiingereza chote kimenitoka.

Yule mtu akaitazama mikono yangu, na uso wake ukabadilika kabisa.

"Hapana, hapana," akasema. "Ishushe mikono, tafadhali. Ni vyuma tu." Akapiga magoti taratibu, akaanza kuyarudisha kwenye ndoo. Kisha, kwa matamshi yaliyopinda, akasema kwa Kiswahili: "Pole. Pole sana."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaeleza kwamba kiwandani kwao, huko Shively, anafanya kazi na Wakongo wengi. "Nikijigonga kidole, wote wananiambia hivyo."

Nilianza kucheka na machozi yakatoka, yote mara moja, nikashindwa kuyazuia. Mzee naye akasema, "Kosa langu. Nimempa sheria zote, sikumwonyesha ganda langu likoje."

Tukamwaga ndoo mezani tukachambua watatu. Ya mzee yalikuwa manene, ya jirani membamba. Yalipobaki mawili yaliyokanyagwa, jirani akayasukuma upande wangu. "Haya siyataki," akasema. Nikashukuru, nikayatia kwenye ndoo.

Tuliporudi, mzee akalala kitini bila kuvua kofia. Mimi nikatoka barazani nikampigia binti yake. Nilimweleza kila kitu, hata jinsi nilivyonyoosha mikono juu.

"Alilenga vizuri?" akauliza.

"Vibaya sana," nikasema.

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu sauti yake ikashuka. "Miezi yote hii nilikuwa naogopa kwamba baba ameshakata tamaa. Mpeleke tena, tafadhali. Ila mwambie nimejua."

Nilikaa barazani kidogo, kiatu kimoja nimekivua, nikisikia mzee anakoroma kupitia dirisha. Kwa mara ya kwanza wiki ile nilihisi njaa.

Nilimwambia mzee kwamba binti yake amejua, tukapanga kurudi uwanjani, lakini Jumamosi iliyofuata mvua ilinyesha mfululizo. Tulibaki nyumbani tukacheza karata, akanishinda mara tatu.