Kazi Yangu Ilikuwa Kuwa Wengine

Kwa misimu mitatu klabu ya mpira wa kikapu ya wanawake ilinilipa mshahara, na sikucheza mechi hata moja. Wacheni kucheka. Kazi yangu ilikuwa ngumu kuliko ya wale mliokuwa mkiwapigia makofi. Kila Jumatatu kocha alinitumia video kwa simu: huyu ndiye mchezaji hatari wa timu tutakayokutana nayo Jumamosi, mtazame, mmeze, kesho uje ukiwa yeye. Nikifika mazoezini Jumanne, mimi si mimi tena. Nilikuwa yule hatari, na nyota wetu alinizoea wiki nzima ili Jumamosi asishtuke akikutana na mwenyewe.

Huyo nyota wetu kila mtu alimjua. Sura yake ilikuwa kwenye bango kubwa la Barabara ya Kangundo, ameshika chupa ya soda na kucheka meno yote. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Lakini klabu ilimtunza kama yai. Nikimgonga bega kwa bahati mbaya, meneja alisimama. Yeye akinigonga mimi nikaanguka, mazoezi yaliendelea. Redioni walisema kipaji chake ni cha kuzaliwa, na mimi nilikuwa nikikaa hapo nikisonya, kwa sababu nilijua kimetengenezwa na nani. Kilitengenezwa na kocha, mzee wa rika la baba yangu, aliyemfundisha kushika mpira tangu akiwa shule ya msingi. Hakuna aliyewahi kumuuliza kocha swali redioni.

Mimi kocha aliniahidi kitu kimoja tu. Alisema, "Vumilia, msichana wangu. Msimu ujao nakupa jezi na namba yako mwenyewe." Niliishi kwa hilo neno.

Kuiga mtu si kuiga mtupo, huo hata mtoto ataiga. Mimi nilianza na miguu: anavyosimama akichoka, anavyofuta jasho, anakotazama kabla ya kutoa pasi. Nikishapata vile anavyopumua, mengine yalikuja yenyewe. Na hapo ndipo nilianza kuogopa, maana yalikuja yenyewe kweli. Wiki moja nilimzunguka nyota wetu kwa nyuma, nikabadilisha mkono hewani, nikafunga. Kocha akafoka, "Hiyo umetoa wapi? Huyo hafanyi hivyo!" Nilikubali, kwenye video haikuwepo. Jumamosi, robo ya pili, yule mchezaji mwenyewe alimzunguka nyota wetu kwa nyuma, akabadilisha mkono hewani, akafunga. Kocha aligeuka akanitazama pale mwisho wa benchi, na kwa mara ya kwanza niliona mtu mzima akiingiwa na wasiwasi juu yangu.

Kuna mwingine alikuwa na tabia ya kuvuta soksi ya kushoto kabla ya mtupo wa adhabu. Siku ya mechi yao nilikuwa nimekaa zangu na tracksuit. Akapewa mitupo miwili. Aliinama kuvuta soksi, akainua macho, akaniona nimeinama nimeshika soksi yangu. Sikujua hata kama nimeinama. Alikosa yote miwili, na wenzangu wakashangilia wakidhani ni bahati. Baada ya mechi alinipata kwenye mfereji wa maji nje. Hakunisalimia. Alisimama karibu sana akasema, "Hiyo kitu unafanya, wacha." Nikamwambia sifanyi kitu. Akasema, "Najua. Wacha tu." Kisha akaondoka bila kunywa maji.

Nyumbani Komarock, mama ndiye alianza kuchoka nami. Mama anauza mikoba ya ngozi soko la Kariokor, na jioni anarudi akitaka nyumba iwe nyumba. Tunaishi ghorofa ya nne na yeye hutambua kila mtu kwa miguu yake ngazini. Wiki niliyokuwa yule mrefu mzito wa katikati, nilipofika mlangoni nilimsikia akiuliza kutoka ndani, kwa ile sauti yake ya adabu ya wageni, "Mnatafuta nani?" Nilipofungua alishika kifua. "Ngai! Mbona unakanyaga kama mwanaume wa kubeba saruji?" Tulicheka siku hiyo.

Hatukucheka wiki ya yule anayetumia mkono wa kushoto. Tulikuwa tunakula ugali na sukuma. Mama alikatiza hadithi aliyokuwa akinipa, akatazama sahani, nami nikatazama. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ndani ya ugali, unamega na kufinya vizuri kabisa. Mimi tangu utoto ni wa kulia. Nilingoja mama anichape, maana kwetu hilo halina mjadala. Hakunichapa. Aliuliza polepole, "Na huo mkono ni wa nani?" Niliutoa, nikauweka chini ya meza, nikajifanya nimekasirika. Ukweli ni kwamba nilitaka kulia.

Nilijiambia ni kazi tu, msimu unaisha, jezi inakuja. Halafu nyota wetu akateguka kifundo cha mguu. Kwa mwezi mzima hakucheza, tukapoteza mechi moja baada ya nyingine, na lawama zikamwendea nani? Si mguu. Asubuhi moja simu iliandika kwamba kocha ameondolewa kwenye kundi letu la WhatsApp. Basi, hivyo tu. Miaka yote hiyo, na alifukuzwa na kidole cha mtu. Kwenye bango la getini kulikuwa na picha yake ndogo pembeni, nyuma ya nyota. Kufikia saa sita wadhamini walikuwa wamebandika juu yake chupa ya soda. Nilisimama nikaitazama hiyo chupa mpaka askari wa geti akaniuliza kama niko sawa.

Nilimpigia simu. Nilimpa pole, halafu, kwa sababu mimi sina haya, nikamuuliza kuhusu jezi yangu. "Mwambie huyo mpya wewe ni mchezaji," akasema. "Mwambie nimesema." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayejua kwamba alichosema hakina uzito tena.

Kocha mpya alikuwa kijana, mpole, mwenye kompyuta chini ya kwapa. Aliniita kando. "Nimeambiwa unaweza kuwa mtu yeyote." Nikasema ndiyo, kocha. "Hiyo kazi siihitaji. Lakini nimebaki na nafasi moja ya mchezaji, jezi na mkataba. Nipe nusu saa Jumatano. Nionyeshe wewe. Ukiniletea mtu mwingine, nitakushukuru na tutaachana."

Nilifurahi! Nilitaka hata kumkumbatia. Nionyeshe wewe, kuna kazi rahisi kuliko hiyo?

Jumamosi asubuhi nilipata uwanja mtupu. Nilidunda mpira, nikaenda kulia, nikajua hapo hapo hiyo ni ya nani: ya yule wa soksi. Nikarudi nikaanza upya. Kushoto, nikasimama ghafla, nikarusha. Hiyo ya yule mrefu. Nilijaribu kutofikiria, nikakimbia tu kwenye ringi kama mwendawazimu, na hata mbio zenyewe zilikuwa za mtu, nilikumbuka video yake. Nilisimama katikati nikauambia mwili, haya, fanya unachotaka. Mwili ulisimama tu. Mpira ulibingirika mpaka ukutani na sikuenda kuuchukua. Nimewahi kuogopa wezi, nimewahi kuogopa magonjwa, lakini woga ule sikuwa nimeuonja. Ulikuwa wa kubisha mlango wa nyumba yako na kusikia kimya.

Jumapili baada ya kanisa nilishuka kwenye uwanja wa mtaa, pale pale Komarock nilipojifunzia mpira. Sikuwa nimeukanyaga tangu klabu inichukue. Klabu ilitukataza kucheza kwenye saruji, eti magoti ni mali yao. Nilimkuta rafiki yangu wa utotoni, siku hizi anafanya kazi kiwanda cha mabeseni kule Baba Dogo, anacheza Jumapili tu na mabinti wa mtaa. Alipiga kelele, "Niaje msee! Staa umetukumbuka leo?" Nikamwambia wacha ujinga, nipe mpira.

Tulicheza wawili. Alikuwa ameongeza mwili na pumzi ilikuwa fupi. Kisha akanijia upande wa kulia, akafanya kama anapita, akaruka kwa mguu usiofaa, ule wa kulia, mguu ambao kila kocha duniani angekukemea kuutumia, akauachia mpira chini kabisa ya ubao, taratibu, kama mtu anayerudisha kikombe kabatini. Ukaingia. Nilibaki nimesimama kama mlingoti.

"Hiyo umetoa wapi?"

Alinishangaa. "Hii? Si ni yako! Ulituua nayo darasa la saba mpaka fomu ya nne. Mimi niliiba tu."

Nilimtazama usoni nione kama ananichezea. Hakuwa ananichezea. Nilitafuta kichwani, nikatafuta miguuni, hakuna. Nilikumbuka uwanja, nikakumbuka sare zetu za shule, nikakumbuka hata harufu ya mandazi ya jirani. Huo mruko sikuukumbuka. "Rudia," nikamwambia. Akarudia. "Tena. Sasa nionyeshe nilikuwa nasimamaje nikichoka." Alisimama, mkono mmoja kiunoni, kidevu juu, kama mtu anayesubiri kutukanwa ili ajibu. Nilicheka kwa sauti. Nilimpenda huyo msichana papo hapo. Nilitamani ningemjua.

Tulibaki hapo mpaka watu wakaanza kuanua nguo kwenye balkoni. Nilianza na miguu, kama kawaida. Halafu kidevu, halafu macho. Rafiki yangu alikuwa akicheka mwanzoni. Mwishowe aliacha kucheka. "Aki unaniogopesha," akasema. "Mtu hujifunzaje kitu yake mwenyewe?" Nilimwambia arudie mara ya mwisho.

Jumatano kocha mpya aliweka wachezaji watatu wanikabe, akakaa na kompyuta yake magotini. Dakika za kwanza sitaki hata kuzikumbuka. Waliniingia wote, mmoja baada ya mwingine, wa soksi, mrefu, wa kushoto, na nilimwona kocha akifunga kompyuta. Alishaamua. Hapo nikaweka mkono kiunoni, nikainua kidevu, nikapumua kama nilivyofundishwa Jumapili. Na akaja. Haki ya Mungu alikuja, msichana mkali, asiyeogopa mtu, mwenye kuruka kwa mguu mbaya. Alifunga mara ya kwanza, wale watatu wakatazamana. Alifunga ya pili. Ya tatu mmoja wao aliketi chini kabisa, akacheka kwa kushindwa. Mimi nilikuwa mahali fulani nyuma ya macho yake, nikitazama, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata tena.

Kocha aliniita. "Nilikuambia uniletee wewe," akasema, bila hasira. "Umeniletea watu tena. Wengi wao nawajua, nimewaona ligini." Kisha akasogea mbele. "Lakini huyo wa mwisho. Huyo wa mguu wa kulia. Huyo nani?"

Nilifungua mdomo kusema ni mimi. Neno lenyewe ni fupi, hata mtoto analisema. Ulimi ulikataa. Niliona kabisa kwamba nikilisema nitakuwa nadanganya.

"Ni msichana wa mtaa wetu," nikasema. "Komarock."

"Anacheza timu gani?"

"Aliacha kucheza."

Kocha alitikisa kichwa kwa masikitiko, masikitiko ya kweli. "Huyo ningemsajili leo hii. Mtafute. Mwambie nafasi ni yake mpaka Jumatatu, aje tu. Nawe asante sana kwa kazi yako."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Mama aliniuliza kama nimepata, nikamwambia watatujulisha. Siku tatu nilikaa mbele ya kioo cha kabati, mkono kiunoni, kidevu juu, nikijizoeza kusema lile neno moja, mimi. Kufikia Jumapili nililisema bila kusita, kwa sauti, mama akanisikia jikoni akaitika kana kwamba kuna mtu amebisha hodi.

Jumatatu nilifika mapema, nimevaa raba zangu mpya, neno liko mdomoni. Kocha alikuwa mlangoni. Aliniona, akatabasamu, kisha macho yake yakapita juu ya bega langu na kubaki huko.

"Hakuja?" akauliza.

Na mimi, Mungu ni shahidi, niligeuka kuangalia.