Lebo Kifuani mwa Kipanga

Bi Sindano alikuwa fundi cherehani wa kuaminika, na ubaya wake ulikuwa mmoja tu: alipenda sifa. Nguo ikimtoka mikononi imependeza, alitaka dunia nzima ijue nani kaishona. Ndiyo maana aliagiza lebo zake mwenyewe, vipande vya kitambaa kigumu cheupe vilivyofumwa jina la duka kwa uzi mwekundu, akawa anazishona popote panapoonekana. Wateja walimtania kwamba siku akishona sanda, maiti naye ataondoka na lebo. Yeye alicheka, akawajibu kwamba huko maiti anakokwenda nako kuna watu wanaohitaji fundi.

Mtoto wa kaka yake, binti waliyempa jina la Kipanga kwa ukali wa macho yake, alikuwa mlenga shabaha. Mchezo wake ni ule wa kuvunja kwa bunduki visahani vya udongo vinavyorushwa hewani kutoka vibanda viwili. Mchezaji husimama kitako cha bunduki kikiwa chini, usawa wa kiwiko. Anaita, kisahani kinatokea, na hapo ndipo anaruhusiwa kupandisha kitako begani na kufyatua. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Ukichelewa kidogo tu, kisahani kimekwenda zake na wewe umebaki na moshi wako.

Alipochaguliwa kwenda kwenye mashindano makubwa ya mataifa, yale yanayokusanya michezo ya kila aina, Kipanga alikataa kizibao cha dukani. "Mimi nitavaa cha shangazi," alisema, na Bi Sindano akavimba kichwa mtaa mzima ukamwona. Kocha alikuja kukikagua. Alisimama kati ya cherehani na meza ya kukatia, akapitisha kiganja kwenye kifua cha kizibao, kutoka kiunoni hadi begani.

"Fundi, hapa ndipo kitako kinapopita. Pawe laini. Sitaki kifungo, sitaki mfuko, sitaki hata uzi uliojikunja."

"Kwani mimi nimeanza kushona jana?" Bi Sindano alimjibu.

Na kweli alikishona kikawa laini, mpaka kocha mwenyewe akasifu. Mambo yangeishia hapo, heri ingekuwa yake. Lakini siku ya safari, gari likingoja nje, Kipanga alikimbia dukani na kizibao mkononi, zipu imekwama. Bi Sindano akaitengeneza zipu, kisha akakiinua kizibao mbele ya kioo, akazifikiria kamera za televisheni na nchi zote zile zikimtazama mtoto wao. Pa kuweka lebo palikuwa pengi: mgongoni, kwenye kola, pembeni mwa mfuko. Lakini huko nani angeiona vizuri? Akaiweka kifuani, upande wa kulia, chini kidogo ya kipande cha ngozi kilichoshonwa begani pa kuegemezea kitako. Dereva akapiga honi. Bi Sindano akashona kwa mkono, mishono mirefu ya kushikizia tu, ambayo kama mwanafunzi wake angeishona, yeye angemzaba kofi. Kitambaa chembamba kama kile, alijiambia, kitamzuia nani?

Kipanga aliiona lebo alipofungua begi huko alikofikia. Akapiga simu akicheka.

"Shangazi, wewe nawe! Umenigeuza bango la barabarani!"

"Vaa hivyo hivyo, mwanangu. Watuone."

Akavaa hivyo hivyo, na kocha, aliyekwisha kukikagua kizibao dukani, hakukitazama tena. Siku za mchujo alivunja visahani kwa raha zake, akaingia fainali. Bi Sindano alifunga duka, akaenda kutazama kwa jirani yake, fundi viatu ambaye watu humwita Soli, maana yeye ndiye aliyekuwa na televisheni kazini. Kamera ilipomsogelea Kipanga, Soli alirusha kiatu cha mteja juu. "Lebo hiyo! Jamani, lebo hiyo!" Bi Sindano akapanda juu ya stuli apate kujiona vizuri. Nasema kujiona, kwa sababu wakati ule hakuwa akimtazama mtoto.

Walikuwa wamebaki wachezaji wanne, na medali ni tatu. Kipanga akaita. Kisahani kikatoka. Bunduki ikapanda, ikasita, ikalia wakati kisahani kimeshapita. Kikaenda kuangukia majanini kikiwa kizima. Wenzake hawakukosa, naye akarudi mikono mitupu.

Televisheni ikarudia polepole. Watu wote walitazama kisahani, na Bi Sindano akatazama kizibao, kwa kuwa fundi macho yake yako kwenye nguo. Pembe moja ya lebo ilikuwa imefumuka na kujikunja. Kitako kilipopanda kilijiingiza chini yake, kikanasa, kikajinasua. Ulikuwa muda wa kope kupepesa, na huo ulitosha kisahani kimpite. Bi Sindano akateremka kwenye stuli, akasema tumbo linamkata, akaenda zake.

Siku zilizofuata duka lilijaa. Watu walitoka mitaa ya mbali na vitambaa vyao kwapani. "Wewe ndiye yule wa kwenye televisheni? Basi na mimi nishonee." Bi Sindano aliwapima, akaandika vipimo vyao, akatabasamu, na kila sifa ikamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alizitafuta sifa maisha yake yote, sasa zimekuja na hazimezeki. Chakula kilimshinda. Alikosea kukata mikono ya koti, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Kipanga alirudi amenyong'onyea. Alisema mikono yake imekuwa mizito. Kocha naye alimwambia hivyo hivyo, kwamba amechelewa kupandisha, na mchezaji mwenye mikono mizito hana dawa. Marudio ya fainali alikataa kabisa kuyaona.

"Mimi naona ni kocha yule," Soli alisema siku moja, ameegemea mlango wa duka na nyundo mkononi. "Alimharibia mtoto makusudi. Watu wa karibu ndio wabaya, fundi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Bi Sindano akajichoma kidole.

Aliazimia kusema. Alijiambia atasema kesho, mtoto akishapumzika. Kesho ilipofika akasema ngoja apoe kidogo. Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliogopa Kipanga asije akamtazama kwa jicho lile analotazamia visahani. Basi akanyamaza, na kila alivyozidi kunyamaza, neno lilizidi kuwa zito.

Asubuhi moja Kipanga aliingia na kizibao kimekunjwa vizuri ndani ya mfuko.

"Shangazi, shikamoo. Nimemwambia kocha nimeacha. Nafasi yangu anapewa yule mwenzangu mfupi. Kizibao nimempa yeye, ila mabega yanampwaya. Mpunguzie."

"Umeacha? Umeacha nini?"

"Bunduki. Mtu asiyeweza hawazibii wenzake nafasi."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, akageukia barabarani. Bi Sindano alikikunjua kizibao. Lebo ilikuwa palepale, pembe yake imejikunja. Akachukua wembe. Nyuzi zile zilikuwa chache na legevu, zikakatika bila hata sauti, na lebo ikamwangukia kiganjani. Akaisokomeza kwenye mfuko wa aproni. Hakuna aliyeona. Mchezaji mpya angevaa kitu laini, Kipanga angezoea, na fundi angebaki na jina lake. Bi Sindano alivuta pumzi, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akahisi mabega yake yameshuka.

"Shangazi," Kipanga alisema bila kugeuka, "wewe mikono yako iliwahi kukudanganya? Mimi nilikuwa naiamini hii kuliko mtu yeyote. Sasa hata kikombe nikikishika naogopa kitaanguka."

Bi Sindano akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Aliitoa lebo mfukoni, akaiweka mezani.

"Mikono yako haina kosa. Kosa ni langu. Kitako kilinasa hapa. Kocha alinikataza, nikaweka kwa kutaka nionekane, na tena nikaishona ovyo."

Kipanga aliitazama lebo, akamtazama shangazi yake.

"Umejua lini?"

"Siku ile ile. Niliona kwenye marudio."

"Siku ile ile," Kipanga alirudia taratibu. Akainuka, akakivaa kizibao, akachukua fimbo ya kupimia iliyokuwa ukutani, akaishusha usawa wa kiwiko kama bunduki. Akaipandisha. Ilipanda mara moja, safi. Akarudia, ikapanda vilevile. Akakivua kizibao.

"Irudishe lebo. Ishone kama ulivyoishona."

"Mwanangu, tafadhali."

"Ishone, shangazi."

Bi Sindano aliishona, akaiacha pembe wazi. Kipanga akavaa tena, akapandisha fimbo. Ikanasa. Akapandisha tena, ikanasa tena. Hapo akaishusha fimbo akalia kwa sauti, akiitazama mikono yake mwenyewe. Bi Sindano alitaka kumshika, akaona hana haki hiyo.

Wakati huohuo mama mmoja mgeni alichungulia mlangoni na kitambaa cha kijani.

"Hodi fundi! Nimeelekezwa kwako. Ndiwe uliyemshonea yule binti wa bunduki? Nataka gauni, na lebo uniweke hapa mbele, watu waione."

Bi Sindano alimtazama Kipanga. Kipanga alijifuta uso kwa kiganja.

"Mwambie," alisema. "Anza na huyu. Kocha tutamfuata baadaye."

Yule mama alibaki amesimama, kitambaa mkononi, haelewi. Kipanga hakukivua kizibao wala hakutoka nje. Alivuta kiti katikati ya duka, akakaa, akamngoja shangazi yake afungue mdomo.