Mti wa Mpaka Dirishani

Kipande kilichotoka puani mwa mtoto wangu kilikuwa cha rangi ya waridi, kidogo kuliko punje ya harage. Nilikuwa nimemlaza mapajani, nimeziba tundu moja la pua yake kwa kidole, nikampulizia mdomoni kwa nguvu kama muuguzi alivyotufundisha kliniki ya watoto. Mara ya kwanza hakikutoka. Mara ya pili kikaruka, kikanigonga shavuni. Mtoto akalia. Mimi sikulia. Nilisimama, nikang'oa maua yote ya plastiki pale dirishani, nikayatia kwenye beseni la nguo, nikaenda nayo hadi barazani kwa mama mwenye nyumba, nikayamwaga juu ya ungo wake wa karanga.

"Wewe! Kichwa yako iko sawa?"

"Iko sawa, mama. Pua ya mtoto ndiyo haikuwa sawa. Kipande cha ua lako kimetoka humo sasa hivi."

Akaokota maua moja moja, akiyapangusa maganda ya karanga. "Maua imekaa yake. Nani alimwambia akule maua?"

"Hakula. Alinusa."

"Plastiki nanusa nini?"

"Muulize yeye. Mimi nilimfundisha kunusa maua, sikumfundisha kuuliza kama ni maua kweli."

Wapangaji wenzangu walikuwa wametoka milangoni, mmoja na mwiko mkononi. Nikawaacha na karanga zao.

Kabla ya plastiki, dirisha langu lilikuwa na mimea hai, kwenye makopo ya maziwa ya unga. Kulikuwa na mchaichai, na kulikuwa na mti wa mpaka niliopewa na mama yangu kule Merikit. Asubuhi, kabla sijakaa kwenye cherehani, nilimbeba mtoto hadi dirishani nikamwambia, "Nusa!" Alizamisha pua kwenye mchaichai, akapiga chafya, akacheka. Kisha tulimwagilia. Neno lake la pili, baada ya "mama", lilikuwa "maji", na alijifunza pale dirishani.

Mti wa mpaka kwetu hakuna asiyeujua. Una majani marefu kama upanga, nao hupandwa kati ya shamba na shamba ili watu wasigombane, ingawa wanagombana hivyo hivyo. Haufi. Ukiukata ukautupa, unaota ulipoangukia. Nilikuwa nimeona kwenye simu picha za sebule za watu, wameuweka kwenye chungu cheupe karibu na kochi, nikautaka. Mama alicheka hadi akaketi. "Mjini mmekosa mashamba kiasi hicho? Sasa mnaweka mipaka sebuleni!" Lakini alinikatia shina zuri, akalifunga kwenye jani la mgomba.

Mama mwenye nyumba hakuona la kuchekesha. Siku moja nilivuka mpaka wa nchi kwenda upande wa Kenya kununua nyuzi, na niliporudi nikakuta dirisha tupu, makopo yamepinduliwa, shina langu liko jaani. Alikuwa ananingoja.

"Wewe naleta mti ya mpaka kwa nyumba yangu? Nani alikuonyesha mpaka? Kesho utasema kutoka dirisha mpaka choo ni yako!"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Jirani ndiye aliyenieleza baadaye kwamba mumewe alipofariki, shemeji zake walikuja na jembe na miti hiyo hiyo, wakaipanda upya ndani ya shamba lake kule Lumino, na hadi leo kipande kile hajarudishiwa. Nilimwelewa. Lakini kuelewa hakukunipunguzia hasira. Mimi si shemeji yake. Na mchaichai je? Mchaichai nao ulikuwa unadai shamba?

Siku chache baadaye akaja na katoni kutoka ng'ambo. Ndani mlikuwa na vitofali vya plastiki vya kuunganisha, kama vile watoto wanavyojengea nyumba, ila hivi vilijenga maua: mashina ya kijani, majani, petali za waridi na za njano.

"Sasa hii ndiyo maua," akasema. "Hainywi maji, haitaki jua, haidai shamba. Weka dirishani, na ile majani sitaki kuona tena."

Sitasema uongo, yalipendeza. Mume wangu anafanya kazi Tororo na hurudi mwisho wa juma. Jumamosi hiyo tulikaa kwenye mkeka, tukayaunganisha kama watoto, tukishindana nani ua lake litasimama. La kwake lilianguka kila mara. Majirani walikuja kutazama. Nikafikiri, labda sijapoteza kitu. Labda hata ni afadhali, sitasafisha udongo.

Jumatatu mtoto akayamwagilia maji. Maji yakateremka ukutani hadi kwenye sare za shule nilizokuwa nashona. Akasema "nusa", akabandika pua yake kwenye plastiki, halafu akageuka kunitazama kama mtu aliyeuziwa chumvi akaambiwa ni sukari. Alirudia siku nyingi hivyo. Mwisho akagundua kwamba petali zinachomoka.

Basi baada ya kumwaga maua kwenye ungo, nilimwambia mama mwenye nyumba kwamba narudisha mimea yangu. Naye akanijibu wazi, bila hata kupandisha sauti: "Rudisha. Na utahama nayo."

Nikampigia mume wangu simu.

"Mama toto, si uache tu? Maua ni maua."

"Kama maua ni maua, basi niweke yangu."

Akacheka. "Nenda kwa mwenyekiti. Lakini tafadhali, kwake usimwage kitu."

Mwenyekiti wa kijiji chetu hutengeneza baiskeli karibu na barabara ya malori. Alinisikiliza huku ameinamia gurudumu.

"Kwa hivyo wewe nataka nini? Shamba ama maua?"

"Nataka dirisha langu, mzee. Ninalipia chumba na dirisha lake."

"Huo mti, ulipanda kwa udongo ya uwanja?"

"Kwa kopo la maziwa."

Akaacha spana. "Mti ya mpaka inapandwa mbele ya majirani, na mimi nikiwa pale. Sasa hiyo kopo, nani alisimama shahidi?" Akacheka peke yake hadi akakohoa. "Hiyo si mpaka. Hiyo ni majani tu. Andika, nitamwita mbele ya kamati, aambiwe na watu."

"Niandike kwa Kiingereza?"

"Andika kwa lugha uligombana nayo."

Nilisoma sekondari upande wa Kenya, na insha ya barua rasmi sikuwahi kuifeli. Niliandika pale pale kwenye benchi lake, mtoto akiwa mgongoni, akaigonga muhuri. Hivi ndivyo nilivyoandika:

Kwa Mwenyekiti wa Kijiji.

KUH: MALALAMIKO JUU YA MIMEA KUNG'OLEWA DIRISHANI NA TISHIO LA KUHAMISHWA

Mimi ni mpangaji na mama wa mtoto mmoja. Nalalamika kwamba mwenye nyumba aliingia chumbani kwangu nikiwa sipo, akang'oa mimea yangu akidai naweka mpaka. Siweki mpaka. Sidai shamba, choo wala uwanja. Najua alivyotendewa na watu wengine na nampa pole, lakini si mimi niliyemtendea.

Maua ya plastiki aliyonipa ni mazuri, na mtu mzima akiyataka ayaweke. Yanachomoka vipande vidogo. Kimoja kiliingia puani mwa mwanangu.

Naomba haya: asiingie kwangu bila kubisha hodi, niruhusiwe kuweka mimea hai kwenye makopo, yenye sahani chini ili maji yasiharibu sakafu, na nisihamishwe kwa sababu hiyo. Shina alilolitupa nililiokota jaani. Limeshatoa majani mawili kwa jirani yangu. Likikua, niko tayari kumkatia naye kipande, akapande Lumino mbele ya mashahidi.

Ni mimi, mpangaji.