Mstari Karibu na Kilemba

Mimi ni fundi wa vibao, Makambako. Nakata akriliki, ile ambayo wateja wengi huiita kioo cha plastiki: vibao vya milango ya ofisi, tuzo za mashuleni, na siku hizi zaidi picha za marehemu za kuweka makaburini. Shule niliishia darasa la saba, na kila nikikaa kuandika humu daftarini najiuliza kama naandika jambo au najaza karatasi tu. Kwenye akriliki sijiulizi hivyo. Mkwaruzo naujua, ufa naujua, na kasoro iliyotoka kiwandani naijua.

Siku ile mteja wangu alikuwa mwanamke kijana aliyeolewa Kifanya. Ukoo wa mumewe ulikuwa umejengea kaburi la mama mkwe wake, na yeye ndiye aliyetumwa kuja kuchukua picha. Nilimkabidhi ikiwa na karatasi yake ya kinga, nikamwambia skrubu zisikazwe sana, hasa kwa baridi ya kwao. Akaitikia, akaondoka.

Asubuhi ya ibada akanipigia simu. Aliongea kwa sauti ya chini, kama mtu aliyesimama nyuma ya nyumba. Picha ilikuwa na ufa, na mawifi zake walisema aliiangusha njiani akanyamaza. Mmoja alishatamka kwamba mtu aliyeshindwa kubeba picha ya mama yao hana cha kubeba katika nyumba ile. Hakuomba picha nyingine. Aliomba nije niangalie, niseme.

Nikatia mashine ya kutobolea kwenye begi, nikapanda gari la Njombe, na pale stendi nikaunganisha hadi Kifanya. Njia nzima nilikuwa najiuliza. Vipi kama ufa umetoka kwangu? Vipi kama kweli aliiangusha? Nikajiambia nitasema nitakachokiona, kimuume atakayeumwa.

Niliwakuta uani wamevaa makoti. Nikawasalimu kamwene, wakaitikia. Baba mkwe alikuwa ameketi karibu na jiko la mkaa. Ni seremala, maisha yake yote ameranda mbao za paini. Msalaba wa kaburi, uliokuwa umelazwa hapo uani, aliutengeneza mwenyewe, na jana yake jioni alifunga picha juu yake kwa mkono wake. Wanawe walitaka kumsaidia, akawakatalia. Alikuwa mke wake.

Wifi mkubwa ndiye aliyenipokea. "Fundi, usituzungushe na maneno ya biashara. Hiki kitu kimeanguka."

"Labda kilikalishwa siti ya peke yake," akadakia mdogo wake, "gari likafunga breki." Wakacheka. Yule mkwe alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko.

Nikaomba mafuta ya kula kidogo na kitambaa laini. Wakanionyesha kwanza nukta iliyokuwa begani mwa marehemu. Nilipitisha kucha juu yake, haikukwama popote. Nikamulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni: kitu cha mviringo, kidogo kama punje ya ulezi, kimelala katikati ya unene. Nikawaambia ni kiputo cha hewa, kimekuja na bapa la akriliki kutoka kiwandani, hakitakua hata miaka ikipita. Ningepaswa kukiona kabla sijakata, na hilo pia nilisema.

Chini ya picha palikuwa na mistari mingi myembamba. Hapo kucha ilikwama kidogo. Nikapaka mafuta, mistari ikapotea. Kinachopotea kwa mafuta kiko juu tu, ni mkwaruzo. Nikamuuliza yule mkwe kama aliitoa karatasi ya kinga. Akasema ndiyo, stendi ya Njombe, shangazi wa mumewe alitaka kuiona, na baada ya hapo akaifunga kwenye kanga.

Nilitamani asingejibu hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na nikasema kwamba mikwaruzo ni ya safari.

"Si tulisema," wifi mkubwa akasema. Mkwe akainamisha kichwa.

Ukabaki ule mstari wenyewe. Ulianzia kwenye tundu la skrubu la pembe ya juu, ukaelekea kwenye kilemba cha marehemu. Nikapaka mafuta, haukupotea. Nikamulika kutoka ubavuni, ukawaka ndani kama wembe. Ulikuwa ufa, sikuwa na shaka hata kidogo. Sasa swali likawa umetoka wapi.

Nikaomba skrubu zifunguliwe. Kijana wa pili wa mzee alizungusha bisibisi kwa nguvu za mikono miwili, na kila skrubu ilipoachia, mbao ililia. Nikamulika matundu. Kuzunguka kila moja, pale kichwa cha skrubu kilipokuwa kimekandamiza, palikuwa na vimstari vifupi vinavyong'aa kama ndevu za paka. Matundu yote manne.

Kitu kikianguka hupigwa mahali pamoja, na pembe yake huchubuka. Pembe zote zilikuwa salama. Kilichouma pande zote nne kwa pamoja ni mkazo, na kila aliyekuwa pale alijua nani alikaza. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini maneno yangu kuhusu skrubu hayakufika. Mume wa yule mkwe, ambaye angeweza kuyafikisha, alifika asubuhi ile tu kutoka Songea, na mkwe hamwelekezi baba mkwe kazi ya mikono, tena kazi ambayo mzee ameifanya tangu kabla yeye hajazaliwa.

Nikamgeukia mzee. "Baba, paini ukiikaza inabonyea. Hii haibonyei. Ikibanwa inavumilia mchana, usiku wa baridi inasinyaa, inapasuka. Na matundu ningeyatoboa mapana kidogo ingevumilia zaidi, hilo ni langu. Ila haikuanguka."

Wifi mkubwa akanong'ona kwamba tochi huonyesha anachotaka mwenye kuishika. Mzee akanyoosha mkono, nikampa picha. Aliiinamisha kwenye mwanga, akapitisha kucha yake nene juu ya ufa, akaenda tundu moja moja.

"Ililia nilipokaza," akasema. "Niliisikia. Nikadhani ni ubao."

Nikatoa mashine, nikatoboa kitundu kidogo pale ufa ulipoishia ili usisogee kufika usoni, nikapanua yale manne. Nikamwambia nitamkatia nyingine, mzee akasema hii inatosha kwa leo, watu wameshaanza kuja.

Nilidhani sasa atampa bisibisi mwanawe. Akaishika mwenyewe. Akailaza picha juu ya msalaba, akageuka kuelekea mlango wa jiko.

"Mkwe wangu, njoo ushike hapa. Ukiona inatosha, sema."

Mawifi walitazamana. Yule mwanamke akafuta mikono kwenye kanga, akaja, akapiga magoti, akaishika picha kwa vidole. Mzee akazungusha skrubu ya kwanza polepole, akisikiliza.

"Inatosha, baba," akasema.

Mzee akaacha hapo hapo.