Usukani Uliokwaruza

Mafundi wenzake walimwita Masikio, na wala hakuwa na masikio makubwa. Kwa miaka thelathini alitengeneza umeme wa magari katika kibanda cha mabati kando ya barabara, na mara nyingi aliujua ugonjwa wa gari kwa mlio tu, kabla dereva hajashuka.

Siku moja mkunga, mteja wake wa siku nyingi, alileta gari. Honi ilikuwa ikilia inapotaka yenyewe, na taa ya mfuko wa hewa, ule unaomkinga dereva gari likigonga, imewaka kwenye dashibodi, haizimiki; tena usukani, alisema, unakwaruza. Masikio aliinamia usukani, akaugeuza kushoto, akaugeuza kulia. Kimya. Akabadilisha honi, akasafisha fyuzi.

Baada ya siku tatu mkunga akarudi. "Fundi, honi imekufa kabisa. Na usukani unakwaruza, nilikwambia tangu siku ile."

"Haukwaruzi, dada yangu."

Mkunga akaugeuza mwenyewe. "Huo hapo! Husikii?"

Masikio akamwomba aliache gari.

Mchana mke wake alipomletea chakula, alimkalisha kando yake garini. "Nikigeuza, niambie unasikia nini."

"Kama karatasi kavu inakunjwa." Mke akamtazama. "Baba, wewe huisikii?"

Masikio akaugeuza tena, akatikisa kichwa.

"Kumbe! Mwezi mzima nakusemesha unanyamaza, nikadhani umeninunia." Wakacheka kidogo, halafu mke akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Masikio alichomoa betri, akasubiri umeme uishe, akafungua usukani. Ndani, utepe mwembamba wa nyaya, unaojikunja na kujikunjua kila dereva anapokata kona, ulikuwa umechanika. Huo ndio uliopeleka umeme kwenye honi na kwenye mfuko wa hewa. Zamani angeutambua amefumba macho. Akafunga mpya.

Mkunga alikuja na maneno makali mdomoni.

"Kosa ni langu," Masikio akamwahi. "Masikio yamekwisha. Ungegonga siku zile tatu, mfuko usingefunguka."

Mkunga akayameza maneno yake. "Pole, kaka."

Pole hiyo ilimuuma kuliko matusi.

Tangu hapo magari yanayohitaji kusikilizwa huyaelekeza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Yeye amebaki na betri na balbu, kazi za macho. Mke wake siku hizi hushinda kibandani, na mteja akieleza shida yake, humrudishia mumewe maneno yale kwa sauti kubwa, mkono begani.